Rafiki Hana Mkeka Msibani

Katika misiba yetu kila mtu ana pahala pake. Wazee wako barazani, akina mama ndani kwenye mikeka, wajukuu wanatumwa maji, mashemeji wanasimamia masufuria. Rafiki wa marehemu mwenye miaka kumi na minane anakaa wapi? Anasimama getini na wenzake, anashikashika simu, jioni anarudi kwao, na kesho yake anatakiwa darasani kana kwamba alikwenda kuangalia mechi. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ya aina hii, ambayo jamii haiitambui kwa sababu mfiwa hana cheo cha ufiwa. Rafiki akiwa amejitoa uhai, hata kile kidogo ambacho angepewa hunyimwa, kwa kuwa msiba wenyewe unasemwa kwa kunong'ona.

Julie Cerel na watafiti wenzake wa Marekani walikadiria kwamba kila mtu anayejiua alikuwa akifahamika na watu wapatao 135. Ndugu ni wachache katika hao. Waliobaki ndio walioandikia safu hii tangu tulipoomba maswali toleo lililopita.

Tumechagua barua sita na kuondoa majina. Baadhi ya waandishi walieleza namna rafiki zao walivyokufa. Sehemu hizo tumezikata, na sababu iko katika jibu la pili. Ikiwa unasoma haya huku wewe mwenyewe unazongwa na mawazo ya kujidhuru, ruka hadi jibu la nne. Namba za simu ziko huko.

Wakubwa, shikamooni. Nina miaka 21, nasoma chuo Morogoro. Rafiki yangu, tuliyekaa chumba kimoja mwaka wa kwanza, alijiua mwezi wa pili. Usiku ule, saa tano na dakika arobaini, alinitumia meseji moja: "Uko?" Nilikuwa nimelala. Asubuhi nikajibu "Nipo, vipi?" Ikabaki tiki moja hadi leo. Wenzangu wanasema nisijilaumu, ila hakuna anayejua kuhusu hiyo meseji. Nifanye nini na hiki kitu?

Marahaba, mdogo wetu. Tutakujibu kama ulivyouliza: cha kufanya.

Anza na meseji yenyewe. Mchana, ukiwa na mtu unayemwamini, fungua mazungumzo yenu, rudi nyuma miezi mitatu, hesabu kila "uko?" aliyokutumia. Utakuta ya kuomba chaja, ya kuuliza kama maji yametoka, ya kutaka mkale. Hatusemi kwamba ile ya mwisho haikuwa ya kuomba msaada. Huenda ilikuwa. Lakini usiku ule ilifika ikiwa na sura ileile ya zile nyingine zote, na ilimkuta mtu aliyelala. Kulala saa sita kasoro si kumkataa mtu.

Kisha chukua daftari, gawa ukurasa katikati kwa mstari. Kushoto andika "Nilichokijua kabla", kulia "Nilichokijua baadaye". Kila dalili inayokusumbua ipeleke upande wake, na uwe mkali katika hilo. Kama ulijua kwamba hakuwa akilala, iandike kushoto. Kama habari za ada ulizisikia msibani, ni za kulia. Waliofiwa na mtu aliyejiua karibu wote hubeba za kulia na kuzirudisha nyuma, wakaamini walikuwa nazo tangu mwanzo. Akili ikishajua mwisho wa jambo, huona kila kitu kilikuwa kikielekea pale.

Zoezi la pili hutumiwa na washauri nasaha, na sisi huliita la chapati. Usilifanye wiki za kwanza. Subiri mpaka uwe unapata usingizi wa saa tano au sita kwa siku kadhaa mfululizo, maana akili iliyochoka hukata vipande vibaya. Usilifanye usiku, wala peke yako. Chora duara kubwa kama sahani. Pembeni, kabla hujakata chochote, orodhesha kila kilichochangia, visipungue vinane: ugonjwa wa sonona kama alikuwa nao, usingizi uliopotea, pombe kama alikunywa, mambo ya kwao, fedha, aibu ya mwanaume kusema ameelemewa, umbali wa huduma, maamuzi yake ya usiku ule. Cha lazima kuandika ni "nisiyoyajua". Sasa kata. Kila jambo lipate kipande chake kwa ukubwa unaoona ni wa haki. Wewe ujikatie mwisho kabisa, kwa kilichobaki.

Zoezi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujikatia mwanzo: unachukua nusu ya chapati halafu mambo mengine yote ya maisha ya mtu yanabanana kwenye nusu iliyosalia. Ya pili ni kumpa mtu mmoja chapati nzima, mara nyingi mpenzi aliyemwacha, baba mkali au mhadhiri. Tumeona makundi ya marafiki yakimwandama msichana mtandaoni kwa sababu tu aliachana na marehemu wiki ile. Kuachwa au kufeli huwa ndilo jambo la mwisho ambalo watu waliliona, basi wakalifanya kuwa sababu. Kujiua karibu kila mara kunatokana na mambo mengi yaliyokutana pamoja, mengine ya miaka, na mengine hakuna rafiki ambaye angeweza kuyaona.

Inawezekana ukabaki na kipande chembamba ambacho ni chako kweli. Labda mligombana. Labda kuna siku alitaka kuongea ukamwambia baadaye. Usikifute kwa nguvu. Mwandikie barua, mwombe radhi kwa jambo hilo moja kwa jina lake, kisha isome kwa sauti kaburini au mbele ya mtu mmoja anayejua kunyamaza. Majuto ya jambo moja unaloweza kulitaja yanabebeka kuliko hatia ya kifo kizima.

Sasa simu. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Siku hiyo mtaona kwenye kundi lenu kwamba ametoka, na asiyejua sababu hupata mshtuko wa pili. Waambie wenzako mapema. Laini isiyotumika nayo hurudi kwa kampuni ikauzwa upya: jina lake linaweza kutokea siku moja na picha ya mtu usiyemjua. Hivyo tuma nakala ya mazungumzo kwenye barua pepe yako wiki hii, halafu yaondoe kwenye ukurasa wa mbele wa simu. Hujamfuta. Umeacha tu kukutana na tiki moja kila unapomtafuta fundi pasi.

Na mwambie mtu mmoja kuhusu ile "Uko?". Wenzako wanakufariji kwa jambo wasilolijua, ndiyo maana faraja yao haifiki.

Habari zenu. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni magharibi ya Kenya. Mwenzetu alijiua likizoni. Tumeambiwa ni "ugonjwa wa ghafla" na kwamba atakayeongea ataitwa ofisini. Kila mtu anajua. Dawati lake bado liko. Wengine wanaweka maua, wengine wanaogopa kulipita. Mwalimu wetu wa darasa husoma gazeti hili. Tafadhali mwambieni la kufanya.

Mwalimu, habari ya kazi. Umesikia mwenyewe.

Piga simu kwa familia kabla ya yote, uulize ni maneno gani wanakubali yasemwe. Wakikataa neno kujiua litajwe, heshimu, lakini usitunge ugonjwa. Wanafunzi wakikukamata kwenye uongo mmoja, hawatakuletea siri nyingine, na hizo siri ndizo utakazozihitaji. Sema hivi: "Familia imeomba tusizungumzie namna alivyofariki. Najua mmesikia mengi. Tunaweza kuzungumza kuhusu kujiua kwa ujumla, na kuhusu namna ya kusaidiana." Yasemwe darasani, na mwalimu wanayemfahamu, kwa maandishi yaleyale kila darasa, asubuhi moja. Si paredi. Kwenye paredi huoni nani amegeuka rangi.

Mkiwa mmeketi, orodhesheni wa kufuatiliwa: aliyelala kitanda cha juu yake, jirani wa dawati, mpenzi kama yupo, aliyegombana naye wiki ya mwisho, waliofiwa karibuni, na yeyote aliyewahi kujidhuru. Huyu wa mwisho husahauliwa kwa sababu huenda hakuwa hata rafiki wa marehemu. Kila mmoja aitwe kwa dakika kumi ndani ya siku tatu, kisha tena baada ya wiki mbili, wakati wengine wote wameshaacha kuuliza.

Dawati liache mpaka baada ya mazishi, au siku tano za masomo. Waulize wanafunzi nani alibebe. Lihamisheni darasa likiwa limejaa, kamwe si usiku kwa siri, na mpange upya safu zote ili pengo lisibaki pale pale likitazamwa. Maua na barua zipelekwe kwa wazazi, ila mtu mzima azipitie kwanza zote, kwani ndani yake unaweza kukuta mtoto anayeandika "nakuja".

Kanuni moja ya kumbukumbu: mlichofanya kwa mwanafunzi aliyekufa kwa malaria, fanyeni hichohicho. Mlipanda mti? Pandeni mti. Hamkubadilisha jina la bweni? Msibadilishe. Vijana huambukizana jambo hili. Maelezo ya namna ya kifo humfundisha anayeteseka njia, na sifa kubwa mno humwonyesha kwamba kufa ndiko kusikika. Ndiyo sababu tulikata barua. Kwa sababu hiyohiyo tunawaomba muache kuandika kwenye status "sasa amepumzika, yuko huru". Kwa aliyeko kwenye maumivu yaleyale, hayo ni maelekezo.

Kuhusu hofu ya polisi inayowafanya walimu wakuu wafunge midomo: tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mwanafunzi anayesema amewahi kujaribu ni mgonjwa wa kusaidiwa.

Asalamu aleikum. Rafiki yetu wa Mombasa alizikwa haraka, na mtaani wanasema aliyejiua haombewi. Sisi marafiki tunataka kumsomea hitima. Tunakosea?

Waaleikum salaam. Sisi si masheikh, kwa hiyo tunakupa tunachoweza kukisimamia, na mengine umuulize imamu ana kwa ana.

Kujiua ni dhambi kubwa katika Uislamu, hilo halina mzozo. Yamo katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia mtu aliyejiua. Wanazuoni walio wengi wameielewa kuwa ni onyo kwa watu, na wanasema masahaba walimswalia. Ndiyo maana msimamo wa wengi ni kwamba Mwislamu aliyejiua huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa na Waislamu wenzake. Katika kitabu hichohicho imo hadithi ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr, akaugua, akashindwa kuvumilia, akajitoa uhai. Mtume alimwombea msamaha. Kumwombea dua rafiki yenu na kumtolea sadaka ni mlango ulio wazi. Juu ya hitima yenyewe masheikh wana rai tofauti, hivyo nendeni wawakilishi wenu watatu au wanne kwa imamu, baada ya swala ya alasiri watu wakishatawanyika, na mpeleke swali tu. Habari za namna alivyokufa hazimhusu.

Wasomaji Wakristo nao wameuliza hivyohivyo. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, na kwamba Kanisa huwaombea. Katekista anayekataa misa kwa hoja ya "sheria" anasoma sheria ya babu yake.

Mila ni jambo gumu zaidi. Zipo jamii ambazo aliyejiua huzikwa usiku, au nje ya boma, bila matanga. Rafiki hana kura katika uamuzi huo na asigombane na wazee kaburini. Anachoweza ni kukaa na wenzake pahala pengine, siku nyingine, walitaje jina la marehemu, wale, waombe.

Habari zenu wapendwa. Niko Muscat, kazi za ndani, mkataba unaisha mwakani. Mwanangu wa miaka 16 yuko Tanga na bibi yake. Rafiki yake wa mpira alijitoa uhai mwezi uliopita. Mwanangu hali, simu zangu hapokei, na amempa mdogo wake viatu vyake vya mpira. Bibi anasema nisimuulize, nitamtia mawazo. Nafanyaje na niko mbali?

Mama, ni hivyo viatu vilivyotufanya tukupigie siku ileile barua ilipofika. Tunachapisha hapa kwa ajili ya wengine. Kijana anayegawa kitu anachokipenda baada ya msiba wa namna hii anahitaji kuulizwa leo.

Bibi anasema wanachosema watu wengi, na wanakosea. Kuuliza hakupandi wazo. Kama halipo, atakujibu halipo. Kama lipo, kwa mara ya kwanza atakuwa hayuko nalo peke yake. Duniani, kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, Shirika la Afya Duniani linaweka kujiua katika nafasi ya tatu kwa visababishi vya vifo, na kufiwa hivi kunaongeza hatari. Huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2016 kwa watu 3,432 wa vyuo vikuu wenye miaka 18 hadi 40, wote wakiwa wamefiwa, ulionyesha kwamba waliofiwa na mtu aliyejiua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 65 wa kujaribu wenyewe kuliko waliofiwa na mtu aliyekufa ghafla kwa maradhi. Wengi mno hawakujaribu. Lakini ndiyo maana tunauliza.

Kabla ya kumpigia yeye, mpigie mtu mzima mmoja anayeweza kufika nyumbani leo kwa miguu au bodaboda: mjomba, baba mdogo, kocha. Mwambie awe karibu, asiingie. Kisha mpigie mtoto kwa simu ya bibi. Muscat iko mbele ya Tanga kwa saa moja. Chagua saa ambayo huku hujaitwa jikoni na kule mdogo wake hayuko chumbani. Tumia sauti tu. Vijana wengi husema mambo mazito kwa urahisi zaidi wasipotazamwa usoni.

Anza na ulichokiona: "Mwanangu, bibi ameniambia huli, na kwamba umempa mdogo wako viatu. Mtu akifiwa na rafiki hivi, pengine huanza kufikiria na yeye afe. Na wewe umewahi kufikiria kujiua?" Sema neno lenyewe. Halafu nyamaza, hesabu hadi kumi moyoni. Utatamani kujaza kimya, usijaze.

Yanayoharibu ni maswali kama "Wewe huwezi kufanya ujinga ule, sivyo?", ambalo limeshamwambia jibu unalolitaka, na "Unataka kuniua mama yako?", ambalo linamtwisha mzigo mwingine. "Nateseka huku kwa ajili yako" ni kweli, lakini si leo.

Akisema hapana, uliza kuhusu viatu na mpange saa ya simu ya kesho. Akisema ndiyo, mshukuru kwa kukwambia, kisha uliza kama ameshapanga namna na lini. Kama amepanga, yule mtu mzima aingie sasa na alale chumba kimoja naye. Dawa zote za nyumbani na za shamba, na chochote cha kujidhuria, vihamishiwe kwa jirani chini ya kufuli. Na waende hospitali bila kungoja kesho. Tanga ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Waombe mapokezi kitengo cha afya ya akili, kwa maneno hayo. Dar es Salaam kuna Muhimbili, Dodoma Mirembe, Unguja Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari.

Namba: Tanzania, simu ya mtoto ni 116, bila malipo. Kenya, 116 kwa watoto. Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199. Befrienders Kenya 0722 178 177. Wasomaji wa Marekani wapige 988, wa Uingereza 116 123.

Jambo moja la sheria, kwa kuwa linawazuia watu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inaita jaribio la kujiua kosa. Kuwaza si kosa, na kumweleza daktari unachokiwaza si kosa. Msiwacheleweshe watoto nyumbani kwa hofu hiyo.

Mambo vipi. Mimi ni wa Arusha, 20. Rafiki yangu alijiua na mimi nina hasira naye, kweli kweli. Halafu Jumamosi nilikwenda sherehe nikacheza mpaka asubuhi. Mimi ni mtu wa aina gani?

Poa. Wa kawaida. Huzuni ya hatua tano, ambayo watu wanaifundisha kama ngazi, ilitolewa na Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kuhusu watu waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na hakuna anayeipanda kwa mpangilio. Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999 waliieleza kwa namna inayofanana zaidi na Jumamosi yako: mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko msibani, saa ile yuko maishani. Kucheza ni upande mmoja wa mwendo huo. Hasira nayo ina haki. Alifanya uamuzi unaokuhusu bila kukuuliza. Iseme kwa sauti ukiwa peke yako njiani, mtukane ukitaka. Tungekuwa na wasiwasi kama sherehe ingekuwa kila usiku, na pombe ndani yake, au kama usingizi haujarudi baada ya wiki mbili tatu.

Habari. Nina miaka 19, Nakuru. Mamake rafiki yangu hunipigia kila jioni kuuliza kama nilijua kitu. Nilijua. Mwaka jana marehemu aliniambia amechoka kuishi, akaniapisha nisiseme. Nikimwambia mamake atanichukia?

Dada, ulipewa ukiwa na miaka 18 siri ambayo hata mshauri mwenye shahada haruhusiwi kuibeba peke yake. Hilo lijue kwanza. Na kwa wasomaji wengine: mtu akikuapisha jambo kama hili, jibu ni "Siwezi kuapa hilo, lakini sitakuacha." Kukasirikiwa kwa miezi miwili kunavumilika.

Mwambie mamake, ila si kwa simu, si jioni, na si wewe ukiwa peke yako. Kabla ya hapo mweleze shangazi yako au mtu mzima mwingine, ili siku ile isiwe mara yako ya kwanza kuyatamka. Mwende naye pamoja, asubuhi. Maneno matatu yatosha: alikuambia nini, lini, na kwamba alikuomba usiseme ukanyamaza kwa sababu hukujua la kufanya. Usimpe picha za mazungumzo yenu. Atazisoma saa nane za usiku, mara mia. Mambo ya mapenzi yake, au siri zisizohusu kifo, hayajaulizwa, yabaki kwako. Akilipuka, shangazi akutoe nje, na mrudi baada ya siku tatu au nne hata kama hamkuitwa. Hatuwezi kukuahidi kwamba hatakuchukia. Wazazi wengi hukasirika mwanzoni, kisha hurudi kwa wale waliomfahamu mtoto wao, kwa kuwa ndio waliobaki na kitu chake.

Simu za kila jioni zipunguze kwa adabu: "Mama, nitakuwa nakupigia Jumatano na Jumapili baada ya chakula." Kisha upige kweli, dakika ishirini. Mara nyingi haulizi swali lile kutafuta jibu. Anatafuta mtu wa kutaja naye jina la mtoto wake.

Na siku utakayokwenda, mpelekee picha. Wazazi huwa na zile za mahafali na sare ya shule. Nyingine zote ziko kwenye simu za marafiki. Chagua kumi, zichapishe studio, na nyuma ya kila moja uandike kwa kalamu tarehe, pahala na mlikuwa mnafanya nini. Ile anayocheka mdomo umejaa chipsi usiiache.